Uzito wa Mtani

Mume wangu alikuwa mfupi, na alikuwa mwembamba vilevile, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akanikatiza katikati ya maneno. Siku ya harusi yetu shangazi yangu mmoja alimtazama kuanzia nywele hadi viatu, kazi ambayo haikumchukua muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote kama huyu ndiye bwana harusi mwenyewe au ni mdogo wake aliyetangulia. Watu walicheka. Yeye alicheka kuliko wote, akamwambia shangazi kwamba bwana harusi anakuja kwa mafungu, hili ni la kwanza. Nilimpenda zaidi pale pale.

Mimi nilikuwa mzito kuliko yeye. Nilikuwa hivyo siku ya harusi na nikaendelea kuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kunitania kwa hilo mara mbili.

Alikuwa mbeba magunia kwenye ghala la mazao la shirika la umma hapo Songea, enzi ambazo mahindi ya mkoa mzima yalipita mikononi mwa serikali kabla hayajaliwa na mtu. Gunia lilimzidi uzito, na bado alilipandisha mgongoni na kupanda nalo ngazi ya mbao hadi juu ya rundo. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nashonea kwenye baraza ya duka moja mtaa wa Mfaranyaki. Tulipanga vyumba viwili Bombambili, na mabinti zetu wawili walisoma hapo hapo jirani, isipokuwa likizo walipokwenda kwa bibi yao Mpitimbi kusaidia palizi.

Ghala lilikuwa na klabu ya ngumi. Wakati ule mashirika yalikuwa na mambo hayo: huyu ana timu ya mpira, yule ana kwaya, mwingine ana ngoma. Mwalimu wao alikuwa askari mstaafu, mtu mkavu asiyecheka, na sheria yake ilikuwa moja. Hakuna kuvaa glovu kabla ya kupanda mizani. Mizani yenyewe ilikuwa ile ile ya kupimia magunia. Mara ya kwanza nilipopeleka chakula nikakuta wanaume wazima wamejipanga na bukta zao wakisubiri kupimwa kama mahindi, nilicheka mpaka nikalazimika kuomba radhi. Mwalimu alinijibu bila kugeuza shingo. “Mama, wacheke leo wakiwa wazima,” alisema. Kila mtu alipigana na mtu wa uzito wake. Mume wangu alikuwa uzito wa bantam, ule wa watu wepesi, na katika uzito huo aliwapiga watu wa Njombe, wa Mbinga, na kijana mmoja wa Tunduru aliyekuja na sifa nyingi akarudi bila hata moja.

Lakini hilo halikumtosha. Alikuwa na neno lake moja ambalo lilikula naye, likalala naye, na ambalo nililisikia hadi nikachoka. Alisema mtu mdogo anaweza kumpiga mtu mzito. Alisema mwalimu anawapima kwa sababu ni mwoga.

“Mtu mkubwa ana mwili mwingi wa kulinda na mikono ni ile ile miwili,” aliniambia nikiwa nasonga ugali. “Akiinua kulinda uso, mbavu zimebaki. Akishusha, kidevu hicho. Ngumi yake inatoka mbali, mama. Mpaka ifike, mimi nimeshaingia ndani, nimempa ya ini, nimetoka.”

“Na akikupata?”

“Hanipati. Hatari ya mtu mzito siyo ngumi. Hatari ni akikukumbatia akakuegemea. Anakuwekea mwili wake wote shingoni, anapumzika juu yako. Unabeba wewe, anahema yeye. Ukitoka hapo miguu imekwisha.”

Basi akataka kujizoeza kuegemewa, na aliyekuwa mzito pale nyumbani mnamjua. Nilimwegemea jikoni, kifua kwa kifua, mikono yangu mabegani mwake, naye akijisukuma kutokea ukutani, anazunguka, anachomoka chini ya kwapa langu, anarudi tena. Mabinti walikaa mlangoni wakishangilia upande wangu. Ugali uliungua mara nyingi kwa sababu ya mazoezi hayo. Nilimuuliza siku moja, nikiwa nimechoka kumwegemea, kama kweli anaamini mdogo anaweza.

Alifikiri. “Naamini,” akasema. “Ila sijui. Kuamini na kujua ni vitu viwili.”

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Sikatai kwamba madukani kulijaa. Sabuni ilipatikana, sukari ilipatikana, mitumba ikaja kwa marobota hadi mimi mshonaji nikaanza kupunguza suruali za Wazungu badala ya kushona zetu. Lakini mahindi sasa yalikuwa ya yeyote mwenye lori, na shirika halikuwa na la kufanya tena. Wakaitwa wote uani, wakasomewa barua, wakaambiwa wamepunguzwa. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, akalirudia neno hilo kwa sauti ndogo. Kupunguzwa. Nilikasirika kwa niaba yake, kwa sababu nilijiuliza, mtu kama huyu unampunguza nini.

Klabu ikafa wiki hiyo hiyo. Mwalimu alirudi kwao. Vifaa waligawana, mume wangu akaja na jozi moja ya glovu zilizokwisha ujazo, ukizibonyeza unausikia mfupa wa kidole chako ng'ambo ya pili. Mizani ilichukuliwa na mnunuzi mmoja wa mahindi.

Akaanza kwenda kila asubuhi mahali malori ya wafanyabiashara yalipopakia. Kule hakuna aliyemjua. Wasimamizi walichagua wabebaji kwa kuwatazama, wanaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Kidole kilimruka kila siku. Waliomruka walimruka kwa upole, na huo upole ndio uliomuua. “Mzee, pumzika kivulini,” walimwambia. Alikuwa hajafika umri wa kuitwa mzee. Magunia yenyewe yalikuwa ya lumbesa, yamejazwa hadi yakavimba shingo, na angeyabeba, naapa, lakini hakuna aliyempa nafasi ya kuonyesha. Jioni alirudi nyumbani msafi. Mke wa mbeba magunia huzoea vumbi; siku mume anaporudi msafi ndipo anapoogopa.

Hapo ndipo alipokuja mtani.

Alikuwa Mhehe kutoka upande wa Iringa, dereva wa lori la mahindi, mtu mkubwa kiasi kwamba mlangoni kwetu aliingia kwa kuinama na kwa ubavu. Aliwahi kupigana ngumi jeshini, uzito wa juu. Siku ya kwanza walipokutana, msimamizi alikuwa ametoka kumwambia mume wangu apumzike kivulini. Mhehe alitoa kichwa dirishani mwa lori.

“Mwacheni huyo Mngoni,” alipiga kelele. “Huyo ni wa kupakiwa, si wa kupakia!”

Uwanja mzima ukacheka. Mume wangu akasimama, akavuta bukta juu. “Shuka huko, mla mbwa,” akajibu, “nikupakie wewe kwanza.”

Kwa asiyejua, sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana vita vikubwa, na wajukuu tukaona afadhali tuchekane. Wao hutuita wala panya, sisi huwaita wala mbwa. Mtani akichukua kuku wako huwezi kumdai. Msibani ndiye mwenye uwanja: wenzake wanalia, yeye anaficha majembe, analala kaburini anasema amefika kwanza, anamsema marehemu kwa uchoyo wake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Na lolote atakalokufanyia mtani, hasira hairuhusiwi.

Nilielewa haraka kwa nini mume wangu alimpenda yule mtu. Katika mji mzima ndiye peke yake ambaye hakumwonea huruma. Alimtukana kama anavyotukanwa mwanaume mzima. Kila lori lilipokuja, Mhehe alikula kwetu, akasema ugali wa Kingoni unafaa kuzibia ufa wa ukuta, akaongezewa, akaula wote. Mume wangu alianza tena kusimulia mambo mezani. Mabinti walimsubiri mgeni huyo kuliko walivyosubiri sikukuu.

Na bila shaka waliongelea ngumi. Mume wangu alilitoa lile neno lake la mdogo na mzito, na Mhehe akalidaka. “Wewe nitakutia mfukoni na kukusahau humo,” alisema. Wakaendelea hivyo msimu mzima, kwenye malori, sokoni, kwetu, hadi watu wakaanza kuuliza ni lini. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mfaranyaki aliyefungua ukumbi wa bia na mikanda ya video. Aliusikia utani huo. Baada ya siku chache karatasi zilibandikwa kwenye nguzo: Mngoni na Mhehe, ulingoni, sikukuu ya wakulima, alasiri.

“Nani atawapima?” nilimuuliza.

“Watu wameshatupima kwa macho.”

“Baba watoto, yule ni ukuta.”

“Ukuta hauhemi. Yule anahema, nimemsikia akipanda lori.”

“Ni mtani wako. Muendelee kutukanana, inatosha. Unatafuta nini?”

Alikuwa anapaka mafuta zile glovu mbovu. Hakuinua kichwa. “Nataka kujua, mama,” alisema. “Miaka yote nasema mdogo anaweza. Nikizeeka bila kujua, itakuwa nilikuwa napiga domo tu. Sasa hivi kila mtu ameshaamua mimi ni nini. Nataka nijue mwenyewe.”

Nilimshonea bukta mpya, nyekundu, huku nikigomba.

Ulingo ulikuwa wa nguzo nne za mbao na kamba za kufungia mizigo. Chini walimwaga pumba za mpunga, juu wakatandika turubai la lori. Refa alikuwa shemeji wa mwenye ukumbi, amevaa shati jeupe. Daktari hakuwepo, na hakuna aliyemtafuta. Ukumbi ulijaa hadi watu wakapanda madirishani.

Walianza kama watani. Mhehe aliingia na tenga la kuku kichwani, akasema ndilo la kumrudishia Mngoni kwao. Mume wangu aliingia ulingoni kwa kupita katikati ya miguu yake. Kengele ilipogongwa, Mhehe alimgusa begani na glovu, mguso wa kumsalimu mtoto, na mume wangu akajibwaga chali, mikono huku na huku, amekufa. Mhehe akapiga magoti. Akalia kilio cha msibani, akavuta taulo kwenye kona akamfunika uso, akaomba watu jembe. Refa mwenyewe alishika tumbo. Kisha “maiti” ikaruka, ikamtwanga ngumi ya tumbo, na watu karibu wabomoe ukumbi kwa kelele. Nami nilicheka. Kila mtu alicheka.

Baada ya hapo wakapigana, na hapa nataka nisikilizwe vizuri. Alifanya yale yote aliyoniambia jikoni. Ngumi ya yule mtu ilitoka mbali, naye alikuwa ameshaingia. Moja ya mbavu, moja ya ini, ameshatoka, yuko pembeni, Mhehe anageuka kumtafuta. Raundi ya kwanza yote hakuguswa. Ya pili alimpiga ya ini hadi nikaona kwa macho yangu magoti ya yule mtu yakipinda, na ukumbi ukalipuka. Nilikuwa nimepanda juu ya benchi. Nilikuwa nalia kwa furaha, nimemshika mtu nisiyemjua. Nilimwona mume wangu mrefu, sijui niseme vipi, nilimwona kama nilivyomwona siku zote halafu ghafla wengine wote wakawa wanamwona hivyo pia.

Ya tatu Mhehe akaanza kumkumbatia. Alimwekea kifua, akaegemea. Mume wangu alijisukuma, akazunguka, akachomoka chini ya kwapa. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili vizuri. Kisha nikaona anachomoka polepole. Nilianza kuhema mimi kule juu ya benchi. Bado alipiga, bado raundi ilikuwa yake, na alirudi kwenye kona akiwa ameinua mkono mmoja kwa watu.

Ya nne haikuwa na uzuri wowote. Walikuwa wamekumbatiana, wanaachana, na katika kuachana Mhehe akatoa mkono wa kulia, mfupi, usiotoka hata mbali. Mume wangu alikaa chini. Alikaa kama mtu anayefikiri. Kisha akalala chali, mikono huku na huku.

Na watu wakacheka.

Walicheka kwa sababu ndivyo alivyolala mwanzoni. Refa alihesabu kidogo, naye akaangua kicheko akaacha. Mhehe, huyo rafiki yetu aliyekula ugali wetu msimu mzima, akapiga magoti, akavuta taulo, akamfunika uso. Akalia kilio kile. “Jembe! Nipeni jembe, Mngoni ananuka!” Ukumbi ulikuwa hausikii tena kitu kingine. Mimi nilikuwa juu ya benchi na niliuona mguu wake wa kulia. Ulikuwa unachezacheza peke yake, bila mpangilio, kama wa mtu anayejifunza cherehani ya miguu.

Nilishuka. Nilipita katikati ya watu nikipiga kelele waache, amekufa, mume wangu amekufa. Niliweka mikono kichwani nikalia kama wanavyolia wanawake wa kwetu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko upya. Walidhani nimeingia mchezoni. Mwanamke mmoja alinipigia makofi ya kunishangilia mbele ya uso wangu, akawaambia wenzake, “Na mkewe naye anajua!” Nililia, wakacheka. Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka. Nimefiwa na wazazi wote wawili baada ya siku ile, na nimezika hata mjukuu, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale kati ya watu wale wote.

Niliivuta ile taulo mwenyewe. Jicho moja lilikuwa wazi, limetazama pembeni. Mhehe aliliona, kisha akaniona mimi, na kilio chake cha mchezo kikakatika. Alimbeba peke yake hadi kwenye lori na kumpeleka hospitali, akiwapigia honi watu waliokuwa bado wanacheka mlangoni.

Hakufa. Alikaa hospitali siku nyingi, akarudi nyumbani upande wake wa kulia ukiwa umelala, mkono, mguu na pembe ya mdomo. Ulimi ukawa mzito. Mabinti walijifunza kumgeuza na kumvisha shati kuanzia mkono mbovu. Mimi niliichukua cherehani kutoka Mfaranyaki, nikawa nashonea mlangoni ili nimsikie akiita.

Nilitaka kesi. Nilitaka mtu mmoja afikishwe mahali ajibu. Baba mdogo wa mume wangu alikuja na wazee, na wazee wawili wa upande wa Wahehe waliokuwa wakiishi mjini, wakakaa uani wakaongea kwa adabu nyingi. Walisema ni jambo zito, wote wameumia. Kisha wakasema mtani hana kesi kwa mtani. Nikawauliza, kwa hiyo hasira yangu niipeleke wapi, niipike? Baba mdogo alinitazama kwa upole, akasema, “Mwanangu, kwa mtani hakuna hasira.” Waliniachia kuku. Nilimpa jirani. Walininyang'anya hata haki ya kumchukia yule mtu kwa sauti, nikawa namchukia kimyakimya, nikishona.

Mume wangu hakumchukia. Hilo lilinishangaza, hadi nilipoelewa alichokuwa nacho. Watu walipokuja kumwona alisogezwa kwenye kiti barazani, na baada ya pole na habari za mvua, mtu angeuliza ilikuwaje. Uso wake ungebadilika. Kwa ulimi ule mzito angewasimulia raundi ya kwanza, jinsi hakuguswa. Angeinua mkono wa kushoto, mzima, aonyeshe njia ya ngumi ya ini. Raundi ya pili, magoti yalivyopinda. Raundi ya tatu, jinsi alivyochomoka hata chini ya uzito wote ule. Wageni walitikisa vichwa. “Ulimweza,” walisema. “Nilimweza,” alijibu. “Raundi tatu nilimweza. Ya nne ni ajali, ajali humpata yeyote.” Kisha angesema lile neno, polepole, silabi kwa silabi. “Mdogo anaweza. Sasa najua.”

Siku alizosimulia, alikula. Siku zisizo na mgeni nilimpa uji ukatoka pembeni mwa mdomo. Kwa hiyo nikawa nawavuta watu ndani mimi mwenyewe, wateja wangu wa kupunguza suruali, mtu wa mkaa, yeyote. Niliwaambia, ingieni mmsalimie mzee, muulizeni habari za ngumi. Niliisikia hadithi ile hadi nikaijua kuliko yeye. Wala sikuichoka, kwa sababu nilikuwepo na niliiona, na kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki. Kazi ilikwenda, mkono ulikwenda, mguu ulikwenda. Jibu lake alikuwa amelipata.

Mhehe hakuja kwa muda mrefu. Alituma gunia la mahindi kwa dereva mwenzake, nikaliacha nje hadi majirani wakalisema. Alikuja mwenyewe mvua zilipokwisha. Alikuwa amekonda, shati limemning'inia mabegani. Alibisha hodi kwa sauti ndogo, akainama kuingia.

Mume wangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha. Alipomwona, upande mzima wa uso ulichanua. “Mla mbwa!” alisema. Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka. Akasubiri arudishiwe lake.

“Shikamoo, kaka,” alisema Mhehe.

Walikuwa rika moja. Mume wangu hakuitikia. Alimtazama, akanitazama mimi, kama anayeuliza ni nani huyu tuliyemkaribisha. Nilimwekea mgeni kigoda, akakikataa, akakaa chini sakafuni, mtu mkubwa vile, magoti yamemfika kidevuni.

“Nimekuja kuomba radhi, kaka.”

“Radhi ya nini? Ngumi ni ngumi.” Alijitahidi kujiinua kwa kiwiko. “Mwambie mama watoto. Ile ya ini ilivyokuingia. Mwambie.”

Mhehe alinitazama. Nilikuwa nimesimama na sufuria ya uji. Kisha akainamisha kichwa, na machozi yakaanza kumtiririka bila kuyafuta.

“Kaka, Mungu ni shahidi yangu, sikukusudia kukuumiza. Silali. Nataka ujue sikuwahi kukusudia. Tangu mwanzo nilikuwa najizuia. Najua uzito wangu, nilikuwa nakuachia tu.”

Mume wangu alishusha kiwiko, akarudi kulala. Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli mbovu, nikaisikia hadi ikapotea.

“Raundi ya kwanza?” aliuliza.

“Nilikuachia, kaka.”

“Ya pili. Magoti.”

“Niliyapinda mwenyewe. Watu wafurahi. Utani ule.”

“Ya tatu.”

“Zote, kaka. Nilikuwa nacheza. Ile moja tu ndiyo iliyoniponyoka.”

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Alidhani anatupa kitu. Alikuwa amekibeba kutoka Iringa, akakiweka mbele ya mgonjwa kwa mikono miwili: kwamba hakuwa mtu mbaya, kwamba katika alasiri nzima alimpiga mara moja tu. Nilitaka kummwagia uji usoni.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Nilikuwa juu ya benchi, nililiona jasho lake, niliziona mbavu zake zikipanda na kushuka. Huenda alidanganya ili apate usingizi. Huenda ni kweli, na mimi nilishangilia mchezo. Nimelifikiria hilo miaka mingi nikiwa kwenye cherehani na halijanipa jibu, na aliyekuwa na haja ya jibu hakuwa mimi.

Mume wangu alinyoosha mkono wa kushoto. “Asante, ndugu yangu,” alisema, kwa adabu, kama anavyoshukuriwa karani. “Umefanya vizuri kuniambia.” Mhehe aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili na akaulilia. Alipotoka alikuwa anatembea mwepesi. Mume wangu aliniomba nimgeuze upande wa ukutani, nikamgeuza.

Baada ya siku kadhaa jirani yetu alikuja na kaka yake, mgeni wa Mpitimbi, mpenzi wa ngumi. Nilifurahi, nikawawekea viti barazani, nikamtoa mume wangu, nikamfunika miguu. Wakapeana habari za mavuno. Kisha mgeni akasogeza kiti.

“Mzee, nimekuja kusikia kwako mwenyewe,” alisema. “Ile ngumi ya ini ilikuwaje?”

Mume wangu aliutazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya paja.

“Nimesahau,” alisema.

Jirani alinigeukia, akanishika mkono, akaninong'oneza pole, ugonjwa sasa umepanda kichwani. Nikamwambia ndiyo, ni ugonjwa.